Jitu Tumeliona, Mtu Yuko Wapi?

Tusimung'unye maneno. Filamu za majitu zinazotoka Hollywood siku hizi ni wizi wa mchana. Wanakuuzia mjusi mrefu kuliko mnara wa simu, wanampiganisha na sokwe wa kimo chake, wanabomoa mji mzima mbele ya macho yako, na chini ya kifusi chote hicho hakuna mtu hata mmoja utakayemlilia. Watu wamo, sikatai. Wanakimbia, wanapiga mayowe, wanatazama juu midomo wazi, wanafundishana sayansi ndani ya helikopta. Lakini hao si watu. Hao ni vijiti vya kupimia, wamesimamishwa pale ili tujue mjusi ana urefu gani.

Nasema haya nikiwa kisiwani Mafia, na Mafia ni mahali pabaya sana pa kumtishia mtu kwa ukubwa wa kiumbe. Sisi jitu tunalo. Kuanzia Oktoba hadi karibu na Machi, papa potwe wanajitokeza juu ya maji mbele ya Kilindoni, samaki mkubwa kuliko wote duniani. Wapo waliopimwa wakazidi mita 12, na hata hawa wa kwetu, ambao wengi wao bado ni vijana, wanauzidi urefu mtumbwi wa mvuvi. Potwe ana kinywa kipana kinachoweza kufikia mita nzima, na kazi ya kinywa hicho ni kuchuja uduvi na vijidudu vya maji. Mtoto aliyekwenda baharini na babake amekwisha kumwona akipita chini ya chombo, madoadoa meupe mgongoni, hana haraka na mtu. Siku ya kwanza mtoto anashangaa, na ana haki ya kushangaa. Akija kuwasimulia wenzake, wenzake wanataka kujua mengine: nani alikuwa chomboni? Nahodha alisema nini? Nani aliogopa, nani alijifanya hakuogopa?

Maswali hayo ndiyo Hollywood imekataa kuyajibu.

Chukua Godzilla ya 2014. Mwanzoni wanatupa Bryan Cranston, mume aliyempoteza mkewe kwenye kinu cha nyuklia huko Japani, ambaye kwa miaka 15 amegoma kumeza uongo wa wakubwa. Tunaanza kushikwa. Kisha wanamuua kabla filamu haijafika nusu, na wanatukabidhi mwanawe askari, kijana ambaye kipaji chake chote ni kuwapo kila mahali jitu linapotua. Njoo 2019, Godzilla: King of the Monsters. Mama mwanasayansi aliyefiwa na mwanawe anaamua kuyafungulia majitu yaipunguze dunia watu, eti mazingira yapate kupona. Pima uzito wa jambo hilo. Mama mfiwa anaamua kuwafisha wana wa wenzake! Mpe Ebrahim Hussein, aliyetuandikia Kinjeketile, dhambi ya ukubwa huo, na angetoa tamthilia ya kusomeshwa shuleni miaka 50. Filamu inampa mama yule hotuba kwenye skrini, halafu radi, halafu joka la vichwa vitatu, basi. Dhambi imekwisha, tuendelee na ngumi.

Ya 2021, Godzilla vs. Kong, inachekesha zaidi. Ndani ya umati wote ule wa wanasayansi, mabilionea na wapekuzi wa njama, binadamu mmoja tu anabaki moyoni: Jia, mtoto kiziwi anayezungumza na Kong kwa ishara za mikono. Tazama kejeli hiyo. Mwenye uhai ni yule ambaye waandishi hawakumpa sentensi hata moja ya kutamka. Wengine wote wamepewa maneno tele, na maneno ndiyo yaliyowaua.

Fanya jaribio. Wasubiri watu nje ya kibanda umiza picha ikimalizika, uwaombe wakutajie jina la binadamu mmoja tu aliyekuwamo. Watakutajia Kong kwa mapenzi, watakutajia Godzilla kwa heshima. Binadamu? "Yule stelingi." "Yule mzungu mwenye ndevu." "Yule dada wa helikopta." Saa mbili wamekaa na watu wale gizani, wametoka hawawajui.

Kinachouma zaidi ni kwamba mjusi huyu alizaliwa mikononi mwa wavuvi. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni huko Bikini, katikati ya Pasifiki. Chombo cha Kijapani cha kuvua jodari, Daigo Fukuryu Maru, kilikuwa kazini nje ya eneo lililotangazwa kuwa la hatari. Majivu meupe yakawanyeshea mabaharia 23. Wakarudi bandarini wagonjwa, na Septemba mmoja wao, mtu wa redio, akafa. Novemba ya mwaka huohuo Ishiro Honda akatoa Godzilla ya kwanza. Picha inaanza na vyombo kupotea baharini. Katika kisiwa cha kubuni cha Odo samaki wameadimika, mzee mmoja anasema hiyo ni kazi ya Godzilla, na vijana wanamcheka. Mvuvi wa Jibondo, hapa kwetu Mafia, hahitaji mtafsiri hapo. Vijana wanaocheka na wazee wanaochekwa anawajua kwa majina.

Na Tokyo inapowaka, kamera ya Honda inathubutu kufanya jambo ambalo hawa wa leo hawalithubutu: inaliacha jitu. Inamtafuta mama aliyejikunyata barabarani amewakumbatia wanawe, akiwaambia kwamba punde tu watakuwa pamoja na baba yao. Basi. Jitu lenyewe lilikuwa mtu ndani ya vazi la mpira, na leo mtoto wa darasa la nne anaweza kulicheka. Mama yule hachekwi. Amepita miaka 70 na bado anakukaba koo.

Asije mtu kuniambia kwamba hayo yalikuwa ya zamani na watazamaji wamebadilika. Mwaka 2023 Takashi Yamazaki, Mjapani pia, alitoa Godzilla Minus One kwa bajeti isiyofika dola milioni 15, wakati picha za Hollywood nilizozitaja kila moja ilikula zaidi ya milioni 100. Shujaa wake ni rubani aliyetumwa kujilipua na ndege yake vitani, akasingizia injini mbovu ili aishi. Jitu linapotokea usiku kisiwani, anaambiwa apige bunduki ya ndege, anaganda. Wenzake wanakufa. Anarudi nyumbani anawakuta wazazi wamekufa, na jirani anamtemea maneno: wewe umerudi kufanya nini? Kila Godzilla anapoinuka majini baada ya hapo, kinachoinuka ni aibu ya mtu yule. Ndiyo maana unatetemeka.

Tena kwa mtu wa hapa picha ile ina utamu wake. Rubani yule anapata kibarua cha kutegua mabomu ya baharini, na chombo wanachopewa ni cha mbao, kwa kuwa mabomu yale huamshwa na chuma. Jitu la ukubwa ule linakimbizana na mashua ya mbao! Mafundi wetu wa mashua wa Chole wangesimama wakakagua maungio. Na dalili ya kwamba jitu linakuja si king'ora wala kompyuta, ni samaki wa kina kirefu wanaoelea juu matumbo nje. Baharia anayasoma maji kabla ya kuliona jitu. Huyo mtunzi anaijua bahari, au walau amekaa na waijuao. Kazi ile ya picha za kompyuta ilifanywa na wasanii 35 tu, na Machi 2024 ikatwaa tuzo ya Oscar ya madoido ya picha. Kwa hiyo hata kwenye uwanja wao wenyewe wa kubomoa majengo, waliomtanguliza mtu wamewashinda waliomtanguliza mjusi. Fedha si tatizo. Tatizo ni macho.

Sisi Waswahili tuna methali ambayo ingetundikwa kwenye mlango wa kila studio: wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Aliyeisema aliwaona fahali, hakuwa kipofu. Aliona vumbi, aliona pembe, alisikia kishindo. Kisha akainamisha macho akatazama chini. Hollywood ya leo haiinami. Imenunua fahali wa gharama kubwa, imewapaka rangi, imewapa mwanga wa buluu mdomoni, na nyasi imeziona kuwa zulia.

Hata kutunga jitu, hatukusubiri kufundishwa. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London hadithi za Kiswahili alizosimuliwa na watu wa Zanzibar, na mojawapo ni ya Sultani Majnun na nunda mla watu. Nunda yule hakutoka kwenye ufa wa dunia wala kwenye barafu. Alianza kama paka wa nyumbani. Alikula mnyama wa kwanza wa kufugwa, watu wakaja kushtaki, Sultani akajibu kwamba paka ni wake na mnyama ni wake. Akala mbuzi, akala ng'ombe, jibu ni lilelile. Akaanza kula watu, Sultani bado anamtetea paka wake. Mpaka siku alipowararua wana wa Sultani mwenyewe, hapo ndipo baba akakiri kwamba huyu si paka tena. Kazi ya kumtafuta nunda porini inamwangukia mwana mdogo, yule aliyedharauliwa na kuachwa jikoni. Anaua mnyama mmoja baada ya mwingine, kila mara anamburuta hadi kwa mamake kuuliza kama ndiye, na mama kila mara anakana, huku akitamani mwanawe aache. Mna jitu hapo, mna damu hapo, na mna serikali inayokataa kusikia raia, mama anayekufa kwa hofu, kijana anayetaka kuthibitisha utu wake. Nunda amenenepa kwa kiburi cha mtu. Majitu ya sasa yananenepa kwa bajeti.

Steven Spielberg alilijua hilo 1975 katika Jaws. Papa wake wa mitambo alikuwa akiharibika kwenye maji ya chumvi, ikabidi amfiche kwa sehemu kubwa ya picha. Uhaba huo ukamlazimisha kuwatazama watu: mkuu wa polisi anayeogopa maji, mvuvi mzee mwenye machungu ya vita, na meya anayekataa kufunga ufukwe kwa sababu msimu wa wageni umefika na mji unataka pesa. Kisiwa, papa, na pesa ya watalii! Watu wa Mafia, hebu niambieni, picha hiyo ni ya nani? Meya yule na Sultani Majnun ni ndugu wa tumbo moja. Baadaye Hollywood ikapata kompyuta inayoweza kumwonyesha papa kutoka kila upande, na tangu hapo meya, mvuvi na polisi wamefukuzwa kazi.

Mkitaka somo la mwisho, njooni niwapeleke Kua, magofu yaliyoko kisiwani Juani. Simulizi ya wazee inasema watu wa mji wa Kisimani waliunda jahazi, wakawaalika wa Kua kwenye sherehe ya kulishusha majini. Badala ya magogo ya kuliviringishia, wakawalaza watoto wa Kua mchangani, na jahazi likapita juu yao. Wa Kua hawakupiga kelele. Walingoja. Miaka ikapita, wakajenga chumba chini ya ardhi, wakawaalika wa Kisimani kwenye harusi. Wageni wakala, wakacheza, na wenyeji wakawa wanatoka kimya mmojammoja huku mlango ukizibwa kwa mawe. Lakini wageni wangeshtuka wangejiona wamebaki peke yao. Kwa hiyo mzee mmoja wa Kua alibaki ndani, akiwapigisha soga wageni, akijua mlango unazibwa na yeye yumo.

Kila msimuliaji ana namna yake ya kuisimulia, na wapo watakaobishana nami nani alianza. Nani mkosaji si hoja yangu. Hoja yangu ni mzee yule. Jahazi lile lilikuwa jitu la enzi zake, na kisasi kile kilikuwa kikubwa kuliko jengo lolote analobomoa Godzilla. Hata hivyo, ukimsimulia mgeni habari ya Kua leo, hakuulizi jahazi lilikuwa na urefu wa dhiraa ngapi. Anakuuliza: mzee aliwaambia nini wageni mle ndani? Alikuwa na wajukuu waliokufa chini ya jahazi? Alijitolea au alipigiwa kura? Hakuna kompyuta inayojibu maswali hayo. Mwandishi ndiye hujibu, na mwandishi ndiye wamemnyima kiti.

Najua jibu litakalokuja, nimelisikia vya kutosha. "Acha kujifanya msomi. Mtu amechoka na kazi, analipa pesa yake aone vita. Nani anataka machozi ya familia?" Na wataniongezea kwamba Godzilla x Kong: The New Empire ya 2024 iliingiza zaidi ya dola milioni 500. Hongera zao. Kuuza sana ni sifa ya muuzaji, mtunzi atafute yake. Na mimi pia nataka vita. Nataka daraja livunjike, nataka mawimbi yapande juu ya paa, nataka kibanda kizima kisimame kushangilia. Lakini jengo la kwanza linapoanguka tunaruka, la tano tunatikisa kichwa, la kumi tunaangalia simu. Kwa nini? Kwa sababu hofu haitokani na kitu kinachoanguka. Hofu inatokana na aliyemo ndani. Weka dirisha moja, weka nyuma yake bibi tunayemjua aliyekataa kuhama, halafu angusha hilo jengo moja tu. Utaona kama kuna mtu atagusa simu.

Na ushahidi kwamba watazamaji wana njaa ya watu umo mlemle vibandani. Kwa nini picha ya kutafsiriwa inapendwa kuliko ya sauti yake? Kwa nini mtafsiri Lufufu alikuwa nyota Dar es Salaam, DJ Afro nyota Kenya? Kule Kampala, Nabwana I.G.G. wa Wakaliga alipotoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, kwa nini sauti ya VJ Emmie ikawa nusu ya filamu? Kwa sababu watafsiri hawa wanafanya kazi iliyowashinda waandishi wa studio. Askari asiye na sura anapewa utani. Mwanasayansi anapewa mke mkali. Meneja wa kampuni anapewa mtaa, madeni na tabia za mtu tunayemjua. Mtu mmoja mwenye kipaza sauti, ndani ya chumba cha joto, anawajazia watu wa karatasi nyama na damu. Hao wakubwa wa Hollywood wangekuwa na haya, wangewatumia watafsiri wetu sehemu ya mapato.

Sasa niwageukie walio karibu, maana ugonjwa huu umekwisha kuvuka maji. Kamera zinakuja Mafia kila msimu kumpiga picha potwe. Zinampiga kwa juu, zinampiga kwa chini, muziki unapanda, jua linazama, mwisho. Potwe anajulikana mmojammoja: madoadoa yake hayafanani na ya mwenzake, watafiti wanamtambua kwa picha ya ubavu, na utafiti uliochapishwa 2015 ulionyesha kwamba wengi wao hawaendi mbali, wapo kwenye maji yetu mwaka mzima, ni sisi tu hatuwaoni. Vizuri sana. Sasa nionyesheni filamu inayomtambua nahodha kwa kiwango hicho. Mtu aliyesimama omoni, anayejua potwe akionekana mahali fulani basi chakula kipo na dagaa huenda wapo, mtu anayemtoa potwe kwenye wavu bila kumuumiza huku akihesabu hasara ya wavu, huyo ni "mvuvi wa kienyeji" anayepita nyuma ya picha kwa sekunde tatu. Samaki ana kitambulisho, mwenye bahari hana jina. Hiyo nayo ni filamu ya jitu, ila yenyewe haina hata aibu ya kujiita ya kubuni.

Na nyinyi vijana wetu mnaokopa droni mkidhani mmemaliza kazi, hamna udhuru. Hadithi zimewazunguka. Kabla ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia kuanzishwa 1995, baruti zilikuwa zikilipuliwa kwenye miamba hii. Wajapani walitengeneza Godzilla kwa bomu moja la Bikini. Sisi tulilipua matumbawe yetu wenyewe kwa mikono ya ndugu zetu na hatujatunga kitu. Mji wa Kisimani umeliwa na bahari. Kimbunga Hidaya kilitufikia Mei 2024, na kabla hakijafika kuna mtu aliamua kama atavuta chombo nchi kavu au atakwenda kuvua mara moja zaidi kwa sababu ana deni. Anzeni na deni hilo. Nani anamdai? Ndugu yake anamshauri nini usiku? Mkewe anajua? Mkishalijibu hilo kwa kurasa 30, leteni jitu, na liwe kubwa mpendavyo, kwa kuwa sasa kuna cha kukanyaga.

Kwa studio kubwa sina maombi marefu. Tupeni mtu mmoja. Mmoja tu, mwenye jina tutakalolikumbuka mpaka asubuhi, mwenye kosa analolijutia na mtu anayemwogopea. Mkishindwa, basi msitusumbue na dakika 40 za watu wasemao ovyo ndani ya helikopta. Waondoeni wote, muwaache mjusi na sokwe wapigane nusu saa, mtutoze nusu ya kiingilio.